Ndevu za mahindi kwa mkojo unaochoma: someni hapa, nshachoka kujibu

Assalam alaykum. Kila siku naulizwa jambo lile lile, basi leo naandika mara moja.

1. Tafuta ndevu. Wauza mahindi ya kuchoma wanazitupa, ukiomba utapewa bure.
2. Osha.
3. Kabla hujabandika sufuria KAPIME MKOJO. Hapa ndo watu wanapoharibu, mtu akichomwa kidogo tu anajiambia UTI, anakunywa ndevu wiki nzima kumbe ana kichocho, na kichocho Unguja na Pemba tunacho. Ukiona damu, hasa mwisho wa mkojo, na unaogaga mtoni au mabwawani, dawa yake prazikwanteli, hakuna mzizi wala jani. Na ikiwa UTI kweli, wale ni bakteria, ndevu haziwauwi, utaandikiwa antibayotiki. Homa, kutetemeka, ubavu unauma? Huenda figo zishaguswa, nenda hospitali leo leo.
4. Konzi moja kwa lita ya maji, chemsha dakika kumi, chuja. Wa vidonge vya presha muulizeni daktari kwanza.

MASWALI

mtoto_wa_wete: Ninywe siku ngapi UTI iishe?
– Soma namba 3.

ummu_salma: Nina mimba miezi mitano, ninywe?
– Hapana shoga. UTI ya mjamzito ikiachwa inapanda figo, kliniki kesho asubuhi.

kaka_mkubwa: Bibi yangu alipona kwa hizo ndevu, nyie mnadharau dawa zetu.
– Nani kadharau? Mie mwenyewe nazinywa. Ila UTI nyepesi baadhi hupoa zenyewe, utajuaje kilichomponya?

fundi_chake: Kuna utafiti wowote?
– Swali hilo sasa! Wa ndevu mwingi ni wa panya na maabara. Kilichopimwa vizuri kwa watu ni maji matupu: utafiti uliotoka 2018, wanawake 140 wanaorudiwa na UTI na wanaokunywa maji kidogo, nusu wakaongeza lita moja na nusu kila siku, kwa mwaka wakaumwa wastani mara 1.7, wenzao 3.2. Kwa hiyo mie nahisi ndevu zinatusaidia kwa vile zinatunywesha maji.

fundi_chake: Na kichocho nikapime saa ngapi, baharini kinapatikana?
– Saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana, mayai hutoka mengi wakati huo. Baharini hakuna, ni maji matamu yenye konokono.

ummu_salma: Ramadhani je, hayo maji?
– Gawa baina ya futari na daku, usiyabugie yote dakika ya mwisho ukaamkia chooni.