Redio ya valvu kutoka sokoni: usiiwashe kwanza
Ukipata redio ya valvu (ile ya zamani yenye taa za kioo ndani badala ya transista) pale Kibuye, Kisumu, muuzaji atakuambia uichomeke tu uisikie. Kataa. Kapasita (vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme) za karatasi na nta za miaka ya 1950 hunyonya unyevu, na huku kando ya ziwa unyevu haukosekani. Mbaya zaidi ni ile inayopeleka sauti kwenye gridi (sehemu inayodhibiti mkondo) ya valvu ya mwisho, mara nyingi mikrofaradi 0.01. Ikivuja, valvu hupata moto kupita kiasi na transfoma ya spika huungua, na kuipata nyingine ni kazi. Ibadilishe kabla ya stima kuingia: ya plastiki, volti 630, inatosha. Kisha badilisha kapasita za elektroliti, zile kubwa za kulainisha stima. Usikosee chanya na hasi.

Sasa washa, balbu ya waya ya wati 60 (si LED) ikiwa imeungwa mfululizo na redio, yaani stima ipite kwenye balbu ndipo ifike kwenye redio. Ikiwaka kisha ikafifia, sawa. Ikibaki inang'aa, chomoa, kuna shoti.

Redio kama Bush DAC90A ya Uingereza na nyingine zisizo na transfoma ya stima ni hatari: chasi (fremu ya chuma ndani) imeungwa moja kwa moja na waya wa umeme. Hata skrubu ya nobu inaweza kukurusha.