Kasi na uwiano wa viungo katika pambano la taekwondo: mazoezi ya mchangani

Wachezaji wengi wanaoanza taekwondo huamini kwamba kasi hukaa kwenye mguu unaopiga. Baada ya miaka kadhaa ya kuwafundisha vijana hapa Jambiani, mimi naamini hukaa kwenye mguu unaobaki chini, kwa kuwa huo ndio unaosukuma, unaozunguka na unaokurudisha mahali pako kabla mpinzani hajajibu. Mwongozo huu umepangwa kwa msingi huo, na unamfaa mtu ambaye tayari anaweza kupiga dollyo chagi, yaani teke la kuzungusha, bila ya kuyumba.

Kwanza chagua mahali. Mkeka ni bora, lakini asiye nao anaweza kutumia mchanga mbichi unaobaki maji yakishakupwa, ulio mgumu kiasi cha kumbeba mtu bila ya kumwumiza. Kwa kuwa wakati wa maji kukupwa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, ratiba yetu hufuata maji wala haifuati saa ya ukutani. Kagua eneo zima kabla ya kuanza, kwani vigingi vya mwani na vipande vya makombe haviheshimu mshipi wa cheo wa mtu. Epuka mchanga mkavu wa juu. Ujanani nilikuwa nikiruka humo nikidhani tabu ile itanipa wepesi, na nilichoambulia ni kano la kisigino lililovimba na kunikalisha kitako wiki sita. Mchanga laini humeza msukumo, na mguu huzoea kusukuma polepole.

Pasha mwili moto kwa dakika 10 hadi 15, ukimalizia na nyonga.

Hatua ya kwanza ni kusoma nyayo zako. Chora mstari wa mita 3, usimame kwa mkao wa pambano, kisha usogee mbele na nyuma juu yake kwa miruko midogo isiyozidi upana wa unyayo mmoja. Baada ya nusu dakika simama, uiname uangalie. Alama nzuri huwa na shimo dogo mbele, chini ya vidole, na kisigino hakionekani au kimegusa tu. Ukikuta kisigino kimezama, ujue uzito wako umelala nyuma, na kila utakapotaka kushambulia itakubidi kwanza uuhamishe mbele ndipo uondoke. Ukikuta alama ya mguu wa nyuma imeburuzwa kama mkia wa kenge, basi mguu huo hausukumi bali unavutwa. Kijana mmoja wa hapa alikataa katakata kwamba anaburuza mguu, hadi nilipomwonyesha mfereji aliouchimba mwenyewe. Rudia mara sita, ukisawazisha mchanga kila mara, na usiende mbele mpaka alama zifanane.

Hatua ya pili ni uwiano wa miguu na mikono. Hapana haja ya kununua ngazi ya mazoezi, ile ya kamba inayotandazwa chini. Chora kwa kijiti vyumba 8 vinavyofuatana, vyenye upana wa sentimita 40 kila kimoja. Ingiza mguu wa kulia, kisha wa kushoto, toa wa kulia, toa wa kushoto, huku ukihesabu kwa sauti hana, dul, set, net, yaani moja hadi nne kwa Kikorea, kama tuhesabuvyo kwenye mafunzo. Katika net, goti la nyuma lipande mpaka usawa wa nyonga na mikono yote miwili irudi kwenye mashavu kwa wakati huohuo. Anza polepole hadi hesabu na viungo viende pamoja, kwa sababu anayekimbilia haraka kabla ya mpangilio huwa anaufanya mwili ukariri makosa.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoithamini kuliko zote, nayo ni kuondoa ishara. Simama mbele ya mwenzako kwa umbali wa teke, naye asifanye lolote ila kukutazama. Piga teke moja kila unapotaka, na yeye aseme “nimeiona” mara tu anapotambua kwamba unakuja. Atakwambia bega linashuka, mkono unafunguka, pumzi inavutwa, au unakitazama kifua chake kabla ya kukipiga. Shughulikieni ishara moja tu kwa siku.

Hatua ya nne hufunza jicho. Mwenzako ashike kandambili kwa usawa wa mita 1.2, nawe ukae umbali wa hatua moja ndefu. Akiiachia, sukuma kwa mguu wa nyuma uidake kabla haijagusa chini. Una takriban nusu sekunde tu, na asihesabu wala asikonyeze.

Hatua ya tano ni pedi, yaani kifaa laini cha kupigia anachokishika mwenzako. Piga kwa nguvu zote na kwa haraka uwezavyo kwa sekunde 6, kisha pumzika sekunde 50 kamili. Fanya mara nane, na acha mara mateke yanapoanza kupungua hata kama hujafika nane, kwani kupiga ukiwa umechoka ni zoezi la pumzi wala si la kasi.

Mwisho, pambaneni kwa masharti kwa raundi za dakika 2, mmoja akishambulia kwa mguu wa mbele tu na mwengine akijibu. Katika kanuni za kimataifa ngumi ya kiwiliwili ni alama 1, teke la kiwiliwili 2 na la kichwa 3, na teke la kugeuka hupanda hadi 4 kiwiliwilini na 5 kichwani. Alama hizo 5 huwatamanisha vijana, lakini mimi huwakataza kuzisaka mpaka mguu wa mbele uwe mwepesi, kwa sababu anayegeuka humpa mpinzani mgongo wake.

Siku tatu kwa wiki zinatosha, zikiachana kwa siku moja moja. Katika mwezi wa Ramadhani tunafanya baada ya tarawehe, uwanjani kwenye taa, tukipunguza marudio kwa nusu na kuiacha hatua ya kwanza, kwa kuwa usiku alama za nyayo hazisomeki.