Jinsi ya kuomba leseni ya redio ya kijiji, kwa sisi watu wa visiwani Lamu

Assalam aleikum ndugu zangu. Nimeulizwa na watu wa Faza, wa Siyu, juzi tena mtu wa Mkunumbi, redio ya jamii inaombwa vipi na kwa nani, nikaona bora niandike mara moja. Mimi nlikua kwenye kamati ya kuomba na tulirudishwa mara ya kwanza, kwa hivo haya ninayowaambia mengine nimeyajua kwa kuumia.

Leseni haitoki kaunti wala kwa mkuu wa wilaya, inatoka Mamlaka ya Mawasiliano, wale wanaoitwa CA, makao yao makuu Nairobi pale Waiyaki Way lakini pwani wana ofisi Mombasa, na ukiwa na swali anzia hapo Mombasa usipoteze nauli ya Nairobi. Kwenye fomu chagua utangazaji wa jamii, sio wa biashara, manake ada si sawa na masharti si sawa. Ada ya mwaka huo iulizie kwao wenyewe, usichukue ya kuambiwa kijiweni.

Sasa kitu cha kwanza kabisa ni mkutano. Sio transmita, ule mtambo wa kurushia matangazo, sio studio, mkutano wa kijiji. Kanuni za utangazaji za mwaka 2009 zinataka muhtasari wa ule mkutano ambao watu walikaa wakapitisha kua tunataka redio, na sisi hapo ndo tulipoanguka, tulikaa watu saba sebuleni kwa mwenyekiti tukaandika minitsi nzuri imepigwa taipu, tukatuma, ikarudi. Mkutano wa watu saba ni wa kamati, sio wa jamii. Tukarudi nyumbani tukaitisha baraza baada ya sala ya alasiri, tukawaambia wazee, wamama wa vikundi, manahodha, walimu wa madrasa na wa skuli, vijana wa bodaboda, na kila aliyekuja akaandika jina, namba ya kitambulisho na sahihi, asiyejua kuandika akaweka dole gumba. Wamama wakataka kujua redio itakua ya nani mwenyekiti akifa, swali zuri sana hilo, tukaliandika na jibu lake vilevile. Faili la pili halikurudi.

Na hili mimi nalishikilia kwa roho yangu yote kwa sababu historia yake tunayo. Homa Bay ilikua na redio ya jamii mwaka 1982, mradi wa serikali na UNESCO, na 1984 ikazimwa, haikua mikononi mwa wenye kijiji. Lakini wamama wa Mang'elete kule Makueni walianza na vikundi vyao wenyewe, wakaingia hewani 2004. Kwa hivo msiharakishe mkutano, hata ukifanywa mara tatu ufanyeni.

Baada ya hapo jisajilini. Nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya sabkaunti yenu na katiba ya kikundi, ule muhtasari, na orodha ya wanachama, sheria ya vikundi ya mwaka 2022 inataka wasipungue kumi. Kwenye katiba andikeni wazi kua pesa yoyote inayopatikana inarudi kwenye redio, hakuna kugawana faida, na viongozi wanachaguliwa kwa muda gani. Alafu pini ya KRA, ile namba ya kodi, kwa jina la kikundi, na akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu. Chama cha siasa hakiruhusiwi kupewa leseni ya utangazaji, kwa hivo kama mfadhili wenu ni mheshimiwa anayetaka kura mwambieni mapema redio haitakua yake.

Ile fomu yenyewe haina shida, inayochukua muda ni viambatanisho. Wanataka majina ya wenye redio na wasimamizi, pesa za kuanzia na za kuendeshea zinatoka wapi, na ratiba ya vipindi ya wiki nzima. Hapa kwa ratiba msinakili ya redio za Mombasa tafadhalini. Andikeni maisha ya huku: alfajiri hali ya bahari kutoka idara ya hali ya anga kabla mashua hazijatoka, hasa kusi ikivuma, bei ya samaki na kamba, siku ya chanjo zahanati, wakulima wa kule vijiji vya Hindi na Mpeketoni, mawaidha ya Ramadhani, na lugha pia, Kiamu, Kipate, Kibajuni, na Waboni nao wapewe saa yao. Msomaji wa faili lazima aone hii redio haiwezi kua ya mahali pengine. Upande wa pesa semeni kweli: michango ya wanachama, ufadhili, matangazo ya salamu na ya maduka ya hapohapo, manake redio ya jamii matangazo yake yatakiwa yahusu watu wa eneo lake.

Ufundi tafuteni fundi anayejua, msibahatishe. Atawapa vipimo vya GPS vya pale mtakaposimamisha mlingoti wa antena, urefu wake, na nguvu ya transmita. Mawimbi ya FM yanakwenda kama jicho linavyoona kwa hivo urefu wa mlingoti unasaidia kuliko kuongeza wati, lakini mlingoti mrefu unataka kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na huku kwetu uwanja wa ndege uko pale Manda, ndege zinapita chini, msilichukulie jambo dogo. Ukitaka kuuweka ndani ya mji wa kale wa Amu, yaani Lamu mjini, kumbuka mji uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, kwanza uwaone watu wa Makumbusho. Na chonde chonde MSINUNUE transmita kabla ya kupewa masafa, yaani ile namba ya FM mtakayorushia! Masafa ni machache, mwaweza kukosa, na chombo chenyewe lazima kiwe kimeidhinishwa na CA. Kurusha hata kwa majaribio bila leseni ni kosa la jinai.

Mkishapeleka, lipeni kwa njia rasmi ya mamlaka na risiti mkae nayo, mtu akiwaambia tuma M-Pesa kwa namba yake ili faili lisogee, hapana. Alafu jina lenu litatoka kwenye Gazeti rasmi la serikali na watu wanapewa siku 30 kuleta pingamizi. Siku hizo msilale, waambieni watu wa kijiji wajue, manake jirani aliyeachwa nje ya mkutano ndo huyo anayeandika barua. Kungoja ni miezi, pigeni simu kila baada ya wiki mbili tatu muulize kwa adabu, mtaje namba ya faili.

Leseni ikija isomeni yote mbele ya wanachama. Kuna ada ya kila mwaka, kuna sheria ya vipindi kwamba saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku watoto wanasikiliza kwa hivo maneno yachungwe, kuna malipo ya muziki kwa wenye haki, na lazima muwe na utaratibu wa kupokea malalamiko. Sisi tuna daftari mlangoni, mtu anaandika au anaandikiwa, na Ijumaa kamati inalisoma. Nakala za faili zima ziwekeni nyumba mbili tofauti, zetu zilikua kwenye kabati moja karibu na bahari na chumvi ikala hadi pini za karatasi.