Kupima punje zilizokwama zinaposukumwa mshazari tena na tena

Punje zikibanana vya kutosha hukwama, na rundo zima hubeba mzigo kama kitu kigumu. Swali la jaribio hili ni moja: ukilisukuma mshazari mbele na nyuma, yaani ukuta mmoja usogee kando huku ule unaoukabili ukibaki palepale, kila punje itarudi mahali pake?

Punje zetu ni visahani: kata vya akriliki (plastiki ngumu) vyenye unene wa milimita 6, nusu vya kipenyo cha milimita 10, nusu vya 14. Vya saizi moja havifai, hujipanga kama sega la nyuki. Katika kisanduku cha milimita 400 kwa 400, visahani 570 vya kila saizi hujaza takriban asilimia 83 ya eneo. Ongeza vitano vitano vya kila saizi, hadi ukisukuma kimoja kwa kidole vya mbali navyo vitikisike. Paka sakafu ya kioo poda ya talki, funika kwa kioo kingine visahani visije vikainuka, na gundisha vichache kwenye kuta ili rundo lisiteleze ukutani.

Kukifanya kisanduku kiwe fremu yenye bawaba kwenye pembe zote nne kunashawishi kwa urahisi wake, lakini kunadanganya. Kuta za pembeni zikilala hadi ukuta wa juu usogee asilimia 20 ya urefu wao, eneo hupungua asilimia 2. Hapo utadhani msukumo ndio uliokaza punje, kumbe umezibana tu. Ukuta wa juu upite kwenye reli iliyonyooka, na kuta za pembeni ziweze kurefuka, ili kimo kibaki 400.

Sogeza ukuta wa juu milimita 12 kulia, kisha 12 kushoto, urudi katikati: huo ni mzunguko wa asilimia 3 ya kimo. Uchukue dakika nzima au zaidi. Piga picha kila ukifika katikati, ukitokea upande uleule, la sivyo ulegevu wa skrubu inayosogeza ukuta utaonekana kama punje zimehama. Linganisha picha mbili zinazofuatana. Msukumo ukiwa mdogo, tofauti hupungua hadi punje zirudi palepale, hata kama njiani zilibadilishana majirani. Ukiwa mkubwa, mpangilio hauachi kubadilika.

Rundo likishatulia kwa mizunguko ya asilimia 3, ambayo ndiyo mazoezi yake, jaribu mzunguko wa asilimia 1, 2, 3, 4, ukilinganisha kila picha na ile ya mwisho ya mazoezi. Tofauti hushuka tena kwenye 3, kwa sababu punje zimehifadhi kipimo zilichozoeshwa. Anza na kidogo daima: mzunguko mkubwa hufuta kumbukumbu hiyo.