Rekodi za sarafu za jiokashingi: kuziandika sawasawa, kuzisahihisha na kuzilinda

Sarafu ya jiokashingi, ule mchezo wa kutafuta kwa GPS makasha yaliyofichwa, ikiwa mkononi ni kipande cha chuma chenye rangi nzuri, basi. Kinachoipa uhai ni safari yake: nani aliitoa kasha gani, akaipeleka wapi, nani akaiokota baada yake. Mwenye sarafu anaweza kuwa Ujerumani au Marekani, na huenda hataishika tena maishani. Alichobaki nacho ni ukurasa wake wa mtandaoni, na ukurasa huo unajua tu kile ambacho wachezaji wameuambia. Ndiyo maana rekodi ya kubahatisha au ya uongo ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Huku Afrika Mashariki, ambako makasha ni machache na yametawanyika, kosa moja linaweza kukaa miezi bila mtu wa kulirekebisha.

Tukisema kasha tuna maana ya kile chombo kilichofichwa chenye daftari la kusaini ndani. Mchezo wenyewe ulianza Mei 2000, siku moja tu baada ya Marekani kuacha kuvuruga mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, na sarafu zikaingia mwaka uliofuata.

Namba mbili, kazi mbili

Makosa mengi huanzia hapa. Kila sarafu ina namba iliyochongwa juu yake, mara nyingi herufi na tarakimu sita, aidha usoni au kwenye ukingo. Hiyo ni namba ya siri. Ukiwa nayo, mfumo wa tovuti ya geocaching.com unaamini kwamba umeiona sarafu kwa macho yako. Namba ya pili huanza na TB, inaonekana na kila mtu juu ya ukurasa wa sarafu, na haimruhusu mtu kudai kwamba ameiona au ameichukua. Ukitaka kumwonyesha rafiki sarafu fulani, mpe ya TB. Ile iliyochongwa usimpe mtu, usiitaje ndani ya maandishi ya rekodi yako, na usiiache ionekane kwenye picha. Kabla ya kupiga picha weka kidole juu yake, maana kuikata picha baadaye husahaulika.

Kusoma namba hiyo ni kazi ya subira. Maandishi ni madogo, rangi huingia ndani ya michongo, na sarafu iliyozunguka mifukoni miaka mingi hukwaruzika. Sifuri hufanana na O, 8 na B, 5 na S, 1 na I. Iinamishe sarafu chini ya mwanga wa upande, kwa mfano tochi ya simu iliyolazwa mezani, ili michongo itupe kivuli, kisha piga picha ya karibu na uikuze. Picha hiyo ni ya matumizi yako tu.

Ukiingiza namba kwenye geocaching.com/track, usibonyeze chochote kabla ya kulinganisha jina, picha na maelezo ya sarafu iliyotokea na ile iliyo mkononi mwako. Kama una kasa wa shaba na ukurasa unaonyesha ndege wa bluu, umekosea herufi moja na umefungua mlango wa mtu mwingine. Toka, soma upya.

Wakati mwingine mfumo utakwambia namba haipo. Geuza kipande uangalie kimeandikwa tovuti gani. Pathtags ni visahani vidogo vya chuma vinavyofanana na sarafu hizi, lakini vina tovuti yao. GeoKrety nazo zina mfumo wao kabisa. Kama imeandikwa wazi kuwa inafuatiliwa geocaching.com lakini mfumo unasema bado haijawashwa, mwenyewe alisahau kuiwasha kabla ya kuiachia. Kuiwasha ni kazi yake, si yako. Acha ujumbe kwenye rekodi ya kasha ulikoikuta, pengine ataona.

Chagua tendo lililotokea kweli

Vitufe vimeandikwa kwa Kiingereza na vinafanana, na watu hubonyeza cha kwanza wanachokiona. Discover maana yake umeiona sarafu lakini hukuondoka nayo. Mahali pake hapabadiliki na umbali hauongezeki. Retrieve ni kuitoa ndani ya kasha ambamo mfumo unaonyesha imo, nawe umeondoka nayo. Grab ni kuichukua kutoka mahali pengine, kwa mfano umepewa mkononi, au umeikuta kwenye kasha A huku mfumo ukisema bado iko kwa fulani. Drop ni kuiacha kwenye kasha, na hufanyika unapoandika rekodi ya kasha hilo. Visit ni kusema umefika na sarafu kwenye kasha kisha ukaondoka nayo.

Umbali huhesabiwa kwa mstari mnyoofu kutoka kasha hadi kasha kwa kufuata Drop na Visit. Chukua mfano wa sarafu iliyo ndani ya kasha karibu na Seattle. Mtu aliye Nairobi anakosea herufi moja, anabonyeza Grab, kisha anaidondosha kwenye kasha la Nairobi. Sarafu halisi haijasogea hata hatua, lakini ukurasa umeiongezea takriban kilomita 14,500, na itakaporudishwa itaongezewa nyingine 14,500. Mwenyewe anaamka na kukuta sarafu yake iko Afrika. Furaha anayoipata asubuhi hiyo, na jinsi inavyokatika baadaye, ndiyo sababu ya kulinganisha picha kwanza.

Tarehe nayo ni sehemu ya ukweli. Weka siku uliyoiona sarafu, si siku uliyopata bando. Na andika neno: umeikuta wapi, hali yake, unapanga kuipeleka wapi. Sentensi mbili zinatosha, nazo ndizo malipo pekee anayopata mwenye sarafu.

Jihadhari na Visit ya kujiendesha. Programu zinaweza kupangwa ziandike Visit kwa kila sarafu iliyo kwenye orodha yako kila unapopata kasha. Kwa mtu anayetembea na sarafu yake kweli, ni sawa. Lakini sarafu ya mtu mwingine iliyosahaulika kwenye droo ya nyumbani itaendelea "kutembelea" makasha mia, na mwenyewe ataona ramani iliyojaa mistari isiyokuwepo. Ikiwa sarafu haiko mfukoni siku hiyo, zima Visit hiyo ya kujiendesha kwa sarafu hiyo.

Mpangilio unapovurugika

Hili ndilo kosa lisilo na hila linalotokea zaidi. Umeacha sarafu kwenye kasha asubuhi, hujaandika rekodi. Mchana mtu anaikuta, ana intaneti, na kwa kuwa mfumo unaonyesha iko kwako, anabonyeza Grab. Jioni unataka kuandika Drop, sarafu haimo tena kwenye orodha yako. Safari ya kutoka kwako hadi kasha lile imepotea.

Tiba yake ni hii:

1. Mwandikie aliyeichukua, umweleze unachotaka kufanya, ili asidhani unamnyang'anya.
2. Ichukue tena kwa Grab. Utahitaji namba ya siri, kwa hiyo kila sarafu unayoiachia nakili namba yake kwenye daftari kabla ya kuiacha.
3. Idondoshe kwenye kasha husika. Kama rekodi ya kasha umeshaiandika bila Drop, andika Write note, yaani rekodi ya maelezo tu, kwenye kasha hilo na uchague Drop ndani yake. Note hiyo unaweza kuifuta baadaye. Rekodi ya Drop hubaki kwenye ukurasa wa sarafu.
4. Mwambie mwenzako sasa aichukue kwa Retrieve.

Kwa upande wa aliyeikuta, dawa ni subira. Siku tatu nne zinatosha kwa wengi kufika nyumbani na kuandika. Zikipita bila kitu, mtumie ujumbe aliyeiacha, na asipojibu ndipo utumie Grab, ukitaja kwenye maandishi kasha ulikoikuta.

Kama wewe ndiye uliyechukua sarafu ya mtu kimakosa kwa kukosea namba, usifute rekodi na kukimbia. Kufuta maandishi hakuirudishi sarafu ilikokuwa; mfumo bado utaonyesha iko kwako. Ikiwa ilikuwa ndani ya kasha, irudishe kwa njia ileile ya Write note na Drop kwenye kasha hilohilo. Ikiwa ilikuwa mikononi mwa mtu, mwandikie aichukue tena kwa Grab. Itakapokwisha kurudi mahali pake, ndipo ufute rekodi zako za makosa, kisha umwombe mwenye sarafu ahesabu umbali upya. Chaguo hilo liko kwenye ukurasa wake.

Kuna pia upande wa pili wa kosa: sarafu ambayo mfumo unasema imo ndani ya kasha, kumbe iliondoka zamani. Mwenye sarafu au mwenye kasha anaweza kutumia Mark missing, na sarafu itaonyeshwa kuwa haijulikani ilipo. Soma kwanza rekodi za kasha. Kama wachezaji wawili watatu wameandika kuwa hapana sarafu ndani, itangaze kupotea bila kusita, kwa sababu watu husafiri kwenda kasha fulani kwa ajili ya sarafu iliyotajwa. Ikitokea siku moja, atakayeiokota ataitumia Grab na itaendelea na safari yake. Na wewe uliyechukua sarafu, wiki mbili tangu uichukue zikikaribia kuisha hujapata kasha la kuiacha, mwandikie mwenyewe. Huku kwetu mara nyingi ndivyo inavyokuwa, na karibu wote huelewa wakiambiwa.

Rekodi za uongo

Kila muundo wa sarafu huweza kuwa na alama yake ndogo, na alama hiyo huingia kwenye wasifu wa mchezaji akishabonyeza Discover. Hapo ndipo tamaa inapozaliwa. Namba za siri hukusanywa kwenye orodha na kupitishwa kwenye makundi ya mtandaoni, na mtu aliyekaa kwenye kochi anajaza alama mia tatu usiku mmoja bila kugusa hata moja. Baadhi ya orodha hizo zilianza kwa nia njema: kwenye mikutano ya wachezaji sarafu hupangwa mezani, na waandaaji hutoa orodha ya namba ili waliohudhuria wasiandike moja moja. Kisha orodha inamfikia ambaye hakuwepo.

Msimamo wetu hauna kona: kuona picha ya sarafu si kuiona sarafu. Namba iliyobandikwa kwenye gari au kuchorwa kwenye fulana ni halali kwa aliyesimama mbele ya gari hilo au mvaaji huyo. Kwa aliyeipata kwenye jedwali, si halali, hata kama mfumo umekubali.

Mwenye sarafu hupata barua pepe kila rekodi inapoingia, kwa hiyo kazi ya ulinzi ni yake. Dalili za kutilia shaka ni hizi: maandishi mafupi yaleyale kwenye sarafu nyingi, hakuna mahali palipotajwa, aliyeandika hana rekodi ya kasha ambamo sarafu imo, au sarafu haijawahi kutoka kabatini kwako. Dalili moja peke yake haitoshi. Huenda sarafu ilionyeshwa kwenye mkutano na mtu aliyeishika, au mtoto wa familia ana jina lake la mchezo. Uliza kwanza, kwa upole:

"Habari za leo. Nimeona umeandika kuwa uliiona sarafu yangu tarehe 12. Nashukuru kwa kuijali. Naomba unikumbushe uliiona wapi au kwa nani, maana napenda kujua safari yake. Ahsante."

Mkweli hujibu kwa urahisi, tena mara nyingi na picha. Mpe wiki moja. Akinyamaza, au akisema aliipata kwenye orodha, ifute rekodi. Una haki hiyo kama mwenye sarafu. Usibishane naye hadharani kwenye ukurasa. Akirudia, namba bado anayo, na namba iliyochongwa haibadilishwi. Ikiwa imesambaa kiasi kwamba kila wiki unafuta kumi, waandikie makao makuu ya Geocaching, waeleze na uombe ukurasa ufungwe usipokee rekodi mpya. Fanya hivyo kwa sarafu uliyonayo nyumbani au iliyopotea kabisa, kwa sababu ikiwa bado iko njiani, mtu mwaminifu atakayeikuta hataweza kuandika chochote.

Kabla ya kuiachia sarafu mpya

Iwashe siku unayoinunua. Nakili namba ya siri na ufunguo wa kuiwashia kwenye daftari, si kwenye picha utakayoiweka kundini. Andika lengo la safari kwa Kiingereza chepesi pamoja na Kiswahili, ili anayeiokota popote aelewe.

Ikiwa sarafu ni nzuri mno au ya gharama, iache nyumbani na utume nakala. Chapisha picha ya sarafu pamoja na namba yake, ipitishe kwenye laminesheni, itoboe tundu na uifunge kwa pete ya funguo. Andika waziwazi kwamba hiyo ni nakala inayosafiri, ili aliyeikuta asidhani sarafu halisi imeibiwa. Vibati vya Travel Bug, ambavyo hufuatiliwa kwa namba kama sarafu, huuzwa viwili vyenye namba moja kwa sababu hiyo: kimoja kinasafiri, kingine unabaki nacho. Usiviachie vyote viwili kwa wakati mmoja. Watu wawili watakuwa wakichukuliana Grab kutoka miji tofauti, kila mmoja akiwa mkweli, na ramani itaruka huku na huku bila mwenye kosa.