Somo: Kula kwa Msimu, Kuanzia Shambani hadi Gulioni

Somo hili nimeliandika kwa ajili ya wenzangu tunaoishi mjini, hasa Dar es Salaam na Tanga, ambao tumezoea kudhani kwamba embe na nyanya hazina msimu kwa kuwa tunaziona kwenye meza ya mchuuzi mwaka mzima. Mwaka mmoja, mwezi wa Agosti, nilinunua maembe sita yenye rangi ya dhahabu iliyoenea sawasawa, nikawaandalia wageni. Tulipoyakata tukakuta kokwa nyeupe na laini kama la embe changa, na nyama iliyo karibu nalo ikiwa chachu na ngumu. Maembe yale yalichumwa kabla hayajapevuka, kisha yakaivishwa kwa dawa. Niliumia, na tangu siku hiyo, kabla ya kuuliza bei, huuliza tunda limetoka wapi na limechumwa lini.

Hatua ya kwanza: ijue kalenda ya nchi yako

Anza na mvua, kwa sababu ndizo zinazopanga meza yetu. Masika hunyesha Machi hadi Mei, na vuli Oktoba hadi Desemba. Pwani, miembe hutoa maua katika miezi mikavu yenye baridi, Juni hadi Agosti, na ndiyo maana maembe hujaa kuanzia Novemba hadi Februari. Machungwa ya Muheza, mkoani Tanga, hufurika katikati ya mwaka. Mahindi yaliyopandwa mwanzoni mwa masika huwa tayari kuchomwa kuanzia mwezi wa Juni, na zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Mboga za majani kama mchicha, kunde na matembele hustawi mvua inaponyesha, lakini nyanya hupata taabu wakati huohuo, kwani unyevu huleta ugonjwa wa ukungu unaobabua majani na kuozesha matunda. Ukiona bei ya nyanya imepanda mwezi wa Aprili, usimlaumu mchuuzi.

Hatua ya pili: chagua mahali na saa

Kwa aliye Dar es Salaam, masoko ya jumla kama Mabibo, Ilala na Temeke Stereo hupokea malori usiku, na anayefika alfajiri hukuta mzigo haujachambuliwa. Mabibo ndiko penye soko la ndizi liitwalo Mahakama ya Ndizi, na huko mkungu huuzwa ukiwa mzima, kwa hiyo unaweza kukagua ulipokatwa kama bado unatoa utomvu mbichi au umekwisha kukauka.

Hata hivyo, kwa maoni yangu hakuna mahali bora kuliko gulio. Katika milima ya Usambara, kwa mfano, magulio hupangiwa siku za wiki, na wakulima hushuka na mizigo yao asubuhi na mapema. Anayekuuzia ndiye aliyepanda, naye atakueleza mbegu aliyotumia, siku aliyovuna na hata namna ya kupika.

Hatua ya tatu: tofautisha kupevuka na kuiva

Hapa nawaomba tutulie, kwa kuwa hasara nyingi sokoni huanzia kwenye jambo hili. Lugha yetu imeyatenganisha maneno haya mawili kwa sababu ya msingi. Tunda lililopevuka limemaliza kukua likiwa mtini; lililoiva limelainika na kuwa tayari kuliwa. Embe, ndizi, parachichi na papai zikichumwa zimepevuka, zitaiva vizuri nyumbani. Chungwa, nanasi na zabibu haziongezi utamu baada ya kuchumwa: ukinunua chungwa chachu, litabaki chachu hata ukilihifadhi wiki mbili.

Embe lililopevuka utalijua kwa mabega yake, ambayo huwa yamejaa na kuinuka kupita mahali kikonyo kilipoota. Nanasi linuse kwenye kitako, kwani harufu ikikosekana pale, utamu nao huwa umekosekana.

Kuhusu chungwa, msidanganywe na rangi. Chungwa la Muheza huwa tamu likiwa la kijani kwa sababu usiku wa pwani hauna baridi ya kutosha kuondoa ukijani wa ganda. Liweke kiganjani. Lililo bora ni zito kuliko ukubwa wake, ganda lake ni laini na linang'aa, na ukijani wake umeanza kupauka na kuelekea umanjano. Lenye ganda nene, kavu na lenye mikunjo kwenye kikonyo huwa na maji machache. Mwombe muuzaji akukatie moja uonje. Muuzaji mwema hakatai.

Hatua ya nne: elewa kipimo

Fungu, sado (ndoo ndogo ya kupimia), debe, tenga na gunia vyote ni vipimo vya kawaida katika mazungumzo ya soko, lakini fungu la leo silo la jana. Linganisha kwa kilo kila inapowezekana. Ukinunua moja kwa moja kwa mkulima, tafadhali usidai lumbesa, yaani gunia lililoongezewa kilemba juu ya mdomo wake. Wakala wa Vipimo imekuwa ikiipiga vita, nayo ni kumnyang'anya jasho mtu anayekulisha.

Hatua ya tano: nyumbani

Mahindi mabichi yapike siku hiyohiyo, kwa maana sukari yake huanza kugeuka wanga mara tu yanapovunjwa. Mchicha ufunge katika kitambaa chenye unyevu bila kuuosha kwanza. Nyanya na ndizi zikae nje ya friji.

Maswali yenu

*Shikamoo mama. Je, kuvumbika ndizi si sawa tu na kuziivisha kwa dawa?*

Marahaba, mwanangu. Si sawa. Ndizi zikivumbikwa shimoni au katika chungu na kufunikwa kwa majani, zinaivishwa na hewa ya ethilini inayotoka katika ndizi zenyewe. Kabaidi, ambayo ni dawa inayotumiwa kuivishia matunda, hutoa hewa nyingine, asetilini, na ile ya viwandani inaweza kuwa na mabaki ya sumu ya arseniki. Tena kuvumbika hakuliivishi tunda changa ipasavyo, kwa hiyo bado ni lazima liwe limepevuka.

*Dada, karibu na kwetu kuna bustani za mchicha kando ya Mto Msimbazi, nao huwa mbichi kabisa kila asubuhi. Niununue?*

Ndugu yangu, mimi siununui. Mto ule umepokea majitaka ya nyumba na ya viwanda kwa miaka mingi. Kuosha huondoa udongo na baadhi ya vijidudu, lakini hakuondoi madini mazito yaliyokwisha kuingia ndani ya jani. Waulize wakulima wanamwagilia maji gani. Wapo wanaotumia visima virefu au maji ya bomba, na hao wanastahili kuungwa mkono.

*Nina watoto wawili tu na sina gari. Tenga zima la nyanya nitalifanyia nini?*

Shirikianeni majirani wanne au watano, mchange fedha na nauli ya bajaji, kisha mligawe tenga barazani kwa kutumia sado. Wakati wa kugawa, tengeni nyanya katika mafungu matatu: ngumu za kukaa siku kadhaa, zilizoiva za kupikwa leo na kesho, na zilizopasuka kidogo. Hizo za mwisho zikateni siku hiyohiyo, ondoeni sehemu zilizoharibika, mzichemshe bila mafuta hadi maji yakauke na rojo liwe zito, kisha mligandishe katika vifuko vidogo vya kutosha mchuzi mmoja mmoja. Yenye ukungu itupwe yote, hata kama doa ni dogo.