Jinsi ya kukagua picha ya "chombo kikubwa" kando ya Jua

Mtandaoni husambaa picha zinazodaiwa kuonyesha chombo kikubwa cha viumbe wa anga za mbali kando ya Jua. Picha zenyewe hufanana: duara la buluu katikati, moshi mweupe ukitoka pembeni, na mahali fulani kitu king'aavu chenye mbawa mbili, kimezungushiwa rangi nyekundu. Chini yake maneno: "Wanatuficha." Nyingi hutoka SOHO, chombo cha kutazama Jua cha mashirika ya anga ya Ulaya (ESA) na Marekani (NASA) kilichorushwa Desemba 1995, na hasa kwenye kamera yake iitwayo LASCO C3. Mwongozo huu unaanza na kamera hiyo. Unachohitaji ni intaneti, programu ya bure ya Stellarium, inayoonyesha nyota na sayari zilipo angani, na kikokotoo.

Hatua ya 1: Pata picha ya asili

Usikague nakala iliyopitia WhatsApp. Imebanwa, imekuzwa, imenolewa, na kila mkono uliyoipitia umeiongezea kingo ambazo hazikuwepo. Tafuta tarehe na saa, ambazo kwa LASCO huandikwa chini kushoto. Saa hiyo ni ya UTC, nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3. Kisha ingia kwenye hifadhi ya picha katika tovuti ya SOHO, chagua C3 na uweke tarehe hiyo. Picha ikiwa haina tarehe, mwombe aliyekutumia. Asipokuwa nayo, achana nayo, maana hakuna cha kukagua.

Hatua ya 2: Ifahamu kamera

Lile duara la katikati si Jua. Ni kisahani kinacholiziba Jua ili utando hafifu unaolizunguka uonekane. Jua lenyewe ni kile kiduara cheupe kilichochorwa juu ya kisahani. Mstari mweusi unaotoka kwenye kisahani hadi pembeni ni kivuli cha mkono unaokishikilia. Kuna siku utauona umehamia upande wa pili: chombo hugeuzwa kila baada ya miezi kadhaa kwa sababu mtambo wa kuzungusha antena yake uliharibika mwaka 2003. Hilo nalo limewahi kuitwa ushahidi.

Hatua ya 3: Tazama picha ya kabla na ya baada

Hatua hii peke yake humaliza madai mengi. C3 hupiga picha takriban kila dakika 12. Kitu kikionekana kwenye picha moja tu, halafu kabla na baada hakuna kitu, mara nyingi ni chembe ya miale ya kosmiki, yaani chembe yenye kasi kubwa kutoka anga za mbali, iliyogonga kihisi cha kamera na kuacha mchirizi au nukta. Jua linapotoa dhoruba ya protoni, kama tarehe 14 Julai 2000, picha nzima hujaa chembe kama theluji. Miraba meusi yenye kingo zilizonyooka ni kitu kingine kabisa: ni data iliyopotea njiani, kwa kuwa picha husafirishwa ikiwa imegawanywa katika vipande.

Hatua ya 4: Uliza sayari ziko wapi

Fungua Stellarium, weka tarehe na saa ile ile, tafuta Jua, kisha punguza upana wa anga hadi nyuzi 16, ambao ndio upana wa C3. SOHO iko kilomita milioni 1.5 tu kutoka Duniani kuelekea Jua, kwa hiyo sayari inaziona karibu pale pale tunapoziona sisi. Zuhura, Utaridi na Mshtarii ndio wateja wakubwa.

Na zile mbawa? Kila pikseli ya kihisi, yaani nukta moja ya picha, hubeba elektroni kwa kiasi. Zuhura ikiingia na mwanga wake mkali, pikseli hufurika na elektroni kumwagikia majirani zake kwenye mstari ule ule. Ndiyo maana mbawa hulala kwa ulalo kamili, kushoto na kulia, siku zote. Chombo cha kweli kingeweza kuinama. Kasoro hufuata mistari ya kamera.

Mwezi Mei utaona pia kundi dogo la nyota likipita. Ni Kilimia, ambacho wakati huo wakulima hawakioni kwa sababu kimejificha kwenye mwanga wa Jua.

Hatua ya 5: Piga hesabu

Hapa ndipo ninapopenda kukaa. Nyuzi 16 zikigawanywa kwa pikseli 1024 za upana wa picha, na kitu kikiwa mbali sawa na Jua, pikseli moja ni kama kilomita 40,000. Dunia tatu zilizopangwa bega kwa bega zinaenea humo. "Chombo" cha pikseli 10 basi kina upana wa kilomita 400,000, karibu mara tatu ya Mshtarii.

Mwenye madai atasema ni kitupu ndani, ndiyo maana hakivuti sayari. Haya. Lakini angani kingekuwa na upana wa karibu theluthi moja ya Mwezi. Jua lilipopatwa kikamilifu Pakwach, Uganda, tarehe 3 Novemba 2013, na Amerika Kaskazini tarehe 8 Aprili 2024, watu walitazama eneo hilo hilo kwa macho. Kitu kikubwa hivyo hakingehitaji mtu wa kukizungushia rangi nyekundu.

Pima na mwendo. Kitu kikihama pikseli 100 ndani ya dakika 12, kimekwenda zaidi ya kilomita 5,500 kwa sekunde. Kitu kinachoanguka kwenye Jua kutoka mbali sana hufikia takriban kilomita 618 kwa sekunde kinapogusa uso wake, na nusu ya njia kuvuka picha ya C3 mwendo wake ni mdogo zaidi. Kwa hiyo ama injini ni ya ajabu, ama kitu hakiko karibu na Jua: ni punje ya vumbi iliyopita mbele ya kamera.

Hatua ya 6: Uliza picha ilichakatwaje

Desemba 2011 ilisambaa video ya "chombo" kikubwa kando ya Utaridi, kikifichuliwa na mlipuko wa Jua. Picha zilitoka STEREO, mradi mwingine wa NASA wa kutazama Jua, si SOHO. Wanasayansi wa maabara ya jeshi la majini la Marekani walieleza: ili mlipuko uonekane, huondoa mwanga wa nyuma kwa kulinganisha picha za siku hiyo na za siku iliyotangulia. Utaridi ulikuwa umehama. Pale ulipokuwa jana pakabaki alama, na alama hiyo ndiyo iliyoitwa chombo. Ukiona kitu kinachoifuata sayari kwa umbali usiobadilika, anza na swali hilo.

Hatua ya 7: Kikibaki kitu

Wakati mwingine kinabaki. Nukta hafifu, iko kwenye picha tano au sita mfululizo, inahama pikseli chache kila mara kwa njia iliyopinda kidogo, na Stellarium haina nyota wala sayari hapo. Hiyo huenda ni nyotamkia. Wanaozipata wengi ni watu wa kawaida wanaotazama picha hizi hizi, na Machi 2024 idadi ilifika 5,000. Andika saa na nafasi ya nukta kwa pikseli katika kila picha, uhakikishe hakuna aliyekwisha kuiripoti, halafu uitume kwa mradi wa Sungrazer, unaopokea ripoti za nyotamkia hizi.